Vumbi la Buluu la Ognyan

Ognyan Dochev alikuwa msafishaji wa meza nane za biliadi katika ukumbi mmoja mjini Ruse, kando ya mto mkubwa. Kila asubuhi alizipiga brashi mpaka vitambaa vyake vya kijani vikaonekana vipya. Wachezaji walimsifu sana. Lakini mke wake, Pavlina, hakuwa na sifa za kumpa. Kikohozi cha mumewe kilikuwa kimemchosha.

"Nimekupa asali. Nimekukanda kifua kwa pombe kali ya rakia," alisema. "Sasa nikupe nini?"

"Ni sigara tu, mke wangu."

"Sigara uliacha miaka sita iliyopita!"

"Basi ni baridi ya mto."

"Mwezi wa saba huu, Ognyan, jua linachoma! Baridi gani?"

Jumanne moja Ognyan alisahau chakula chake mezani. Pavlina akakifunga na kumfuatia ukumbini. Alipofungua mlango, hakumwona mumewe. Aliona wingu la buluu. Ndani yake mtu alikuwa ameshika bomba la mashine ya upepo, ile ya kujazia matairi, akipuliza kutoka mezani vumbi la chaki ambayo wachezaji hupaka ncha za fimbo zao. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Zima hiyo!" Pavlina alipiga kelele.

"Ni haraka zaidi kuliko brashi," alisema Ognyan, akakohoa mpaka akainama.

"Haraka ya kwenda wapi? Kaburini?"

Jioni ile Pavlina alikwenda kwa jirani yao, Mama Tsanka. Mama huyo alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha samani, akilinda usalama wa wafanyakazi. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Kesho nitakwenda mwenyewe."

Kesho yake Mama Tsanka na Pavlina walimkuta mwenye ukumbi, Bwana Krastyo, akinywa kahawa karibu na meza ya kwanza, na Ognyan akiwa kazini na brashi yake.

"Mama, chaki ni chaki," alisema Krastyo. "Walimu wameitumia miaka yote, na bado wanatupigia kelele."

"Hii si chaki ya shule," alijibu Mama Tsanka. "Ndani yake mna unga mgumu kama mchanga, tena uliosagwa laini mno. Vumbi unaloliona ni nusu ya habari. Lile usiloliona ndilo linaloshuka mpaka ndani ya mapafu. Ognyan, funga mapazia. Sasa piga brashi kama kawaida yako."

Mama Tsanka akawasha tochi na kuielekeza pembeni. Katika mwanga ule, hewa yote ilikuwa imejaa chembe. Zilielea juu ya meza, zikamzunguka Ognyan usoni, kisha zikashuka polepole ndani ya kikombe cha Krastyo.

Krastyo alikitazama kikombe chake. Akakiweka chini.

"Nimekunywa hii miaka kumi na moja," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mume wangu ameivuta miaka hiyo hiyo!" alisema Pavlina. "Wewe kikombe kimoja tu kimekutisha!"

"Tufanyeje, mama?" aliuliza Ognyan.

"Mashine ya upepo irudi kwenye matairi. Usipulize vumbi, lifyonze. Tafuta mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi laini, na kichwa chenye brashi laini. Ipitishe polepole kwenye kitambaa, upande mmoja, usiende ukirudi. Mbao za pembeni zifute kwa kitambaa chenye unyevu. Sakafu usiifagie kavu, ipige deki. Fungua madirisha. Ukimwaga vumbi la mashine, vaa barakoa inayokubana vizuri, na ulimwage ndani ya mfuko uliofungwa. Nguo za kazi zibaki kazini. Nawa mikono kabla ya kula."

"Mambo mengi!" alilalamika Ognyan.

"Mengi?" Pavlina alimkazia macho. "Kukohoa usiku na mchana ndiyo machache?"

"Na uende kliniki ukapimwe," aliongeza Mama Tsanka. "Mwambie daktari kazi unayofanya. Usimwambie habari za mto."

Ognyan alikwenda, akinung'unika njia nzima. Daktari alimpima mapafu, akasema njia zake za hewa zimeumizwa na vumbi. Akampa dawa, akamwonya asirudi tena ndani ya wingu. Krastyo alinunua mashine wiki ile ile, na kahawa yake akaihamishia chumba kingine.

Kikohozi hakikuisha siku moja. Baada ya mwezi mmoja kilipungua. Baada ya miezi mitatu, Pavlina na Ognyan walirudi kutoka sokoni na mifuko ya pilipili hoho. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa mbovu. Pavlina alisimama ghorofa ya pili kupumzika. Juu kabisa akasikia sauti ya mumewe, safi, bila kikohozi.

"We Pavlina! Umelala huko? Panda!"

"Mungu wangu," alisema Pavlina, akijifuta jasho. "Mwanamume huyu! Hata akipona anakera."

Akaokota mifuko yake, akapanda huku akicheka.