Kichwa Kisichouma

"Sanduku linaingia leo," Bosi alisema kwenye simu. "Mnase muuzaji, kisha potea. Usiage mtu."

Paka, kama walivyomwita kazini, akakata simu. Akaiacha nje pamoja na bastola yake, saa na mkanda. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa. Chumbani humo chuma hakiingii.

Akajilaza. Daktari akamdunga sindano za dhahabu za tiba ya Kichina mkononi, kwa upole wake uleule. Mwanamke wa watu alikuwa akipiga picha za ubongo kuchunguza kama sindano hutuliza kipandauso, na Paka ndiye aliyekuwa mgonjwa wake wa mfano.

Mgonjwa gani! Hajaumwa kichwa tangu azaliwe. Alitumwa kujifanya, amvizie muuzaji wa sindano aliyekuwa akipenyeza sumu ya majasusi wa nje ndani ya masanduku yake.

"Nilimwonyesha mama yangu picha zako," Daktari alisema. "Ameacha vidonge, anataka sindano tu. Tangu jana yuko gizani, anatapika. Nimemwambia avumilie, mbona wewe umepona."

Paka alitamani ardhi ipasuke immeze. Kazi ni kazi.

Daktari akaenda nyuma ya kioo. Mashine ikaanza kugonga.

Mlango ukafunguliwa.

Muuzaji. Siku zote huyu huishia mlangoni, anakabidhi sanduku na kwenda zake. Leo alikuwa ametonywa. Mkononi alishika bastola ya Beretta.

"Toka humo, shushushu."

"Njoo unitoe."

Akaja, maskini. Paka akajirusha chini ya kitanda. Bastola ikamchomoka muuzaji, ikapaa na kujibamiza kwenye mdomo wa mashine. Jamaa akabaki anakodolea kiganja kitupu. Teke la goti, kabali ya shingo, kwisha.

Chupa ya sumu ilikuwa sandukuni, chini ya sindano. Wenzake Paka wakaja wakamzoa muuzaji na sanduku lake.

Paka akavaa miwani ya jua. Akafika mlangoni, miguu ikagoma. Akarudi.

"Daktari, sijawahi kuumwa kichwa. Nilikudanganya. Mrudishie mama vidonge vyake, na picha zangu uzifute."

Daktari hakufoka. Aliona sindano moja imebaki mkononi mwa Paka. Akaushika ule mkono, akaichomoa taratibu asimuumize, akakandamiza pamba. Kisha akakimbilia simu kumpigia mama yake.

Afadhali angemzaba kofi.

Nje, Paka alitembea bila haraka. Simu ikaita.

"Umeacha alama yoyote?" Bosi aliuliza.

"Nimeacha," Paka alisema, akakata, pamba bado ameishikilia.