Muulizeni Olive

Zamani, kabla uso wa Emile haujabandikwa kwenye kuta za Bukavu, mvua ilimkuta sokoni Nyawera. Alikimbilia chini ya mwavuli mwekundu wa dada aliyekuwa akichagua sambaza.

"Papa, parapluie hii ni ya mutu moja," dada akasema bila kumtazama.

"Basi miye nitaikamata, weye uchague samaki."

Dada akacheka. Aliitwa Olive, mshonaji wa Nguba, amevaa kitenge cha kijani kilicholowa pindoni. Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya misa walishuka pamoja hadi ziwani, na Joviale, binti wa Olive, katikati yao. Baba wa Joviale alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu, akaoa huko, hakurudi.

Kisha Emile, mwalimu, akagombea kiti cha député, mbunge wa jimbo. Matembezi yakakoma.

"Ni campagne, cheri. Uvumilie."

Siku ya mkutano katika ukumbi wa parokia, Olive alivaa kitenge kile cha kijani, akakaa nyuma. Mama mmoja akashika kipaza sauti.

"Papa candidat, tunasikia uko na bibi mwenye mutoto wa mwanaume mwingine. Ni kweli?"

Emile alimwona Olive.

"Maman, uniulize juu ya barabara na maji. Kwangu hakuna kitu cha kuonyesha batu."

Watu wakapiga makofi. Olive akatoka.

Simu ya Olive ililia sana kabla hajaipokea.

"Olive, nilikuwa nakulinda. Bangeanza kuchimba maisha ya Joviale."

"Ulinilinda ama ulinificha?"

"Maisha yetu si ya batu bote."

"Ni kweli. Lakini si yako peke yako, Emile. Ulisema hakuna kitu. Miye ni nini?"

Emile alibaki na simu mkononi, akikumbuka mvua ya Nyawera. Siku ile hakuwa na mtu wa kumwogopa.

Chrispin, aliyeongoza kampeni yake, alimwonya: "Ukionekana naye sasa, kura za Kadutu zimeenda."

Jumapili Emile alifika Nguba na kibuyu cha kasiksi, akakiweka mbele ya baba yake Olive. Kwao, anayeleta pombe ya ndizi kwa baba wa msichana amekuja kuposa, hahitaji maneno mengi. Alichelewa tu kukileta.

"Tulikuwa tunasema hautafika," mzee akasema, akakivuta kibuyu karibu.

Mawingu yalikuwa yameshuka. Olive alichukua mwavuli, wakapanda na Joviale, wote watatu, mpaka Nyawera, mchana kweupe. Mama yule wa ukumbini alikuwa akiuza mboga.

"Papa candidat, huyu ni nani?"

"Muulize yeye, maman. Habari ni yake pia."

Wanunuzi wakageuka. Olive akaunyoosha mgongo.

"Miye ni mwenye parapluie. Huyu papa tunamukingaka mvua, miye na mutoto wangu."

"Mpaka lini?" mama akauliza, akicheka.

Olive alimtazama Emile.

"Hiyo sasa, maman, ni siri yetu."

Kura hazikutosha. Bango moja la Emile bado liko ukutani Nyawera, limepauka. Mvua ikinyesha, mke wake akipita hapo huuinua mwavuli mwekundu kidogo, kulikinga.