Mguu wa Kulia wa Kuluthumu

Valentino alikuwa ameshazima kifaa cha umeme, amebandua pedi zote mbili kwenye mguu wa Bi Kuluthumu na kukunja nyaya, mguu uliponyanyuka wenyewe. Vidole vilielekea juu, vikakaa hivyo kitambo, kisha kisigino kikashuka taratibu sakafuni.

"Misuli inakumbuka," alisema Valentino, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akipanda mlima hadi kijijini Mponde kila Jumanne. Faudhia, binti wa mgonjwa, alicheka kwa furaha. Kuluthumu hakucheka, maana si yeye aliyeunyanyua.

Miezi mitano nyuma kiharusi kilimwangusha katikati ya shamba la chai, kikapu kikiwa mgongoni. Kilichukua upande wote wa kulia, pamoja na ulimi. Alielewa kila alichoambiwa, ila akifungua kinywa ilitoka sauti tupu. Na shule hakwenda, hata aseme ataandika kwa kushoto. Ndipo Valentino akaleta kile kifaa cha betri. Umeme mdogo unauchokoza mshipa chini ya goti, wayo unanyanyuka, mtu anapiga hatua bila kuburuta. Wiki za mwanzo kilimsaidia kweli. Alisikia mwasho kama wa upupu, akaupeleka mguu mbele kwa nia yake.

Sasa mguu haukungoja umeme. Asubuhi moja Faudhia akiwa jikoni, ulimwinua mama yake kitandani ukampeleka hadi mlango wa nyuma, unaotazama msitu. Alishikilia mwimo wa mlango kwa mkono wa kushoto mpaka kucha zikauma. Faudhia alipomkuta amesimama peke yake alimshukuru Mungu, akaita majirani, wakapiga vigelegele.

Ikawa kila alasiri, ukungu unaposhuka na kufunika mashamba, harufu ya matope ya kijito na manyoya yaliyoloa inapanda kutoka mguuni, naye anahisi mtu akijipanga ndani ya ngozi yake kama anayevaa buti, vidole kwenye vidole, kisigino kwenye kisigino, halafu anaanza kumtembeza, chumbani, sebuleni, uani, kisha chumbani tena, kama mpangaji anayekagua nyumba kabla ya kuhamia, huku yeye analia bila sauti na watu wanasema ni machozi ya furaha.

Aliyeshtuka ni Valentino. Jumanne iliyofuata aliwasha kifaa, mguu ukatulia kama gogo, alipozima, ukasogea. Aliugusa, akarudisha mkono haraka. Akamwambia Faudhia kwa kunong'ona kwamba hilo alikuwa hajawahi kusomeshwa, atafute wazee.

Mzee Nassoro alikuja kutoka Bumbuli. Alifukiza ubani, akasoma dua, akaweka kiganja juu ya goti.

"Umeme ulibisha hodi," alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye nyumba alichelewa mlangoni, akaitika mwingine. Nitamtoa. Lakini ataondoka na mwendo wote. Mama yako hatatembea tena. Sitamgusa mpaka mridhie."

Faudhia alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, atolewe?"

Kuluthumu alikusanya nguvu zake zote katika mkono wa kushoto, akamfinya bintiye. Akamfinya tena. Faudhia alielewa kuwa ameridhia. Macho yalimjaa machozi, akamgeukia mzee ili amwambie aanze.

"Mwanangu," kinywa cha Kuluthumu kilisema, "nimepona. Mwambie mzee aende."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, safi, ile ya kabla ya ugonjwa, na yeye alikuwa akiisikiliza kama wengine.

Faudhia alimwangukia shingoni akilia. Nassoro alimsihi amuulize mama tena, safari hii amtazame machoni. Faudhia akakataa, akamshukuru kwa heshima na kumsindikiza. Mzee alitoka akisoma dua chini kwa chini.

Sauti ya Faudhia ilisikika uani, akiwapigia simu ndugu zake mmoja mmoja, kwamba mama amesema, mama amepona. Ndani, Kuluthumu alihisi baridi ikimgusa kidole gumba cha mguu wa kushoto, ule mzima, kisha kidole cha pili, kisha cha tatu, pole pole, kwa mpangilio.