Mdundo Mikarafuuni

Haya yalimkuta Silima, rafiki yetu wa Mtambile, Jumamosi moja alipokuja Chake kucheza mpira na wenzake wa skuli. Magharibi ikikaribia, mpira uliruka ukaingia mikarafuuni. Kipa wao, Kificho, akaufuata. Wakausikia ukidunda mle gizani, du, du, lakini mwenyewe harudi.

"Kificho, njoo basi," Silima alibembeleza. "Mamako anatungoja na chakula."

Akaingia akipapasa shina baada ya shina, huku analia, mpaka mguu wake ukagonga mpira. Akaupakata. Kificho hakuwapo. Mbele yake, du, du, ikaendelea vilevile, na kwa kila mdundo ule mpira alioupakata ulishtuka kifuani mwake.