Mkono wa Kupimia

"Yohanes, hivi huyo mchumba wako anahitaji mikono ya wanaume wangapi?"

Eustakia, jirani yake, alimuuliza hivyo sokoni Kasulo, Yohanes akifunga gunia la maharage kwenye keria ya baiskeli.

"Una maana gani, dada?"

"Mimi sisemi. Nilimwona tu juzi, ukiwa safarini, kwa Gozbert fundi baiskeli. Kamshika mkono, anamtenganisha kidole kimoja kimoja. Na wanacheka."

Yohanes alikaza kamba mpaka ikakatika.

Ilikuwa mwaka 2004. Wakimbizi wa Burundi walikuwa bado kambini, na msitu wa kwenda Biharamulo ulikuwa na watu wenye bunduki. Mabasi yalisindikizwa na polisi. Wenye baiskeli walipita vijia vya wakata kuni, watatu watatu, maharage kwenda na dagaa kurudi.

Kwa hizo dagaa alimpata Adventina. Miezi mitano nyuma, katikati ya msongamano wa soko, fundi cherehani mwenye gauni la kitenge cha kijani alimzuia njia, kaziba pua.

"Kaka, baiskeli yako nimeinusa tangu ikiwa Biharamulo!"

"Hiyo ndiyo kengele yangu, dada. Ningepiga ile ya chuma, ungegeuka?"

Adventina alicheka. Kisha akaiona mikono ya Yohanes, imechanwa na miiba hadi kwenye viwiko, akaacha kucheka.

Tangu siku hiyo hofu na mapenzi vilimwingia Adventina kwa mlango mmoja. Wiki iliyopita mwiba ulimchoma Yohanes vidole mteremkoni, akaachia breki, akaanguka na mzigo wake. Ndipo Adventina akaenda kwa Gozbert kwa siri, amtafutie kinga za mikono za kufunga kwenye usukani.

"Bati la kopo la mafuta ni jepesi," Gozbert alimshauri.

"Linang'aa. Litamwita mwenye bunduki."

"Plastiki ya dumu, basi?"

"Ikipasuka itamkata. Nikatie mpira wa tairi la lori. Hauna mlio wala mwanga. Ila lete mkono, nione kama vidole vinafika kwenye breki."

Adventina alizoea hivyo kazini: mwenye nguo asipokuwepo, humpima anayelingana naye. Gozbert alitekenyeka, wakacheka. Hicho ndicho alichokiona Eustakia.

Mchana huo simu ya Adventina iliita. Alikuwa Yohanes.

"Mpenzi, uko wapi?"

"Kamuulize Gozbert."

"Yohanes, sikiliza kwanza…"

"Nimesikia ya kutosha. Naingia msituni."

"Leo? Wenzako wanaondoka kesho! Yohanes, usiende peke yako!"

Simu ilikatika. Alipopiga tena, haikupatikana.

Kesho yake abiria wa basi walileta habari: mwendesha baiskeli kapigwa risasi msituni. Jina hawakulijua. Adventina alishika rozari. Kila alipofika "saa ya kufa kwetu" ulimi ulimgoma, akaanza upya. Kila baiskeli iliyopita barabarani ilimtoa mlangoni, kisha ikamrudisha kitini.

Siku ya tatu Yohanes aliingia, matambara yamemzunguka mikono. Adventina hakupiga kelele. Alimgusa uso, kisha mabega, kisha kifua, taratibu, kama haamini kuwa yupo mzima.

"Ni nani aliyekufa?"

"Leonidasi, mwenzetu wa baiskeli. Tulikutana mtoni, akatangulia. Nilisikia mlio mmoja tu. Nikalala kifudifudi kwenye majani mpaka wakaondoka."

Yohanes alipoketi, Adventina alimwekea zile kinga mapajani.

"Nilipima kwa mkono wa Gozbert kwa sababu wako ulikuwa safarini. Mnalingana."

Yohanes aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, Adve wangu. Wivu ulinipeleka peke yangu."

"Nilikusamehe pale simu ilipokatika. Ningekuombeaje nikiwa na kinyongo?"

Yohanes alizipachika kwenye usukani wa baiskeli pale mlangoni, akakunja vidole. Breki ilishikika. Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Zimekaa kama umeniumba wewe. Jumapili namtuma baba kwenu. Utakubali nikuoe?"

"Utapita tena msituni?"

Yohanes aliachia breki.

"Mpaka nipate kishamba cha kulima tu. Na sasa nina hizi, mpenzi."

"Hizo nilizichagua kwa ajili ya miiba. Za risasi Gozbert hana."

"Tutakula nini?"

"Nina cherehani."

"Mimi nikae nikitazama mke wangu anavyokanyaga?"

"Ukae ukiwa hai, Yohanes. Nimeshakaa siku tatu nikiwa mjane wako. Kuolewa nimekubali. Ujane sirudii."

Yohanes alitazama nje, barabara inakoshukia msituni.

"Wenzangu waliahirisha safari, kesho wananingoja. Nimeshawapa neno. Safari moja tu."

Adventina aliitazama ile mikono aliyoipenda kabla ya uso wake. Akasimama, akampita mlangoni, akashika njia ya kanisani, rozari mkononi, kuianza upya ile sala.