Dawa ya Kope za Dada Joanitha

Kila asubuhi Christina alifagia ua wa nyumba yao ya Katubuka, akaosha vyombo, kisha akajitazama kwenye kioo cha dada yake kabla ya kuvaa sare. Alikuwa darasa la sita, na ukaidi wake ulijulikana mtaa mzima. Ukimwambia kaa, husimama.

Wiki hiyo kioo kilimuudhi. Jumamosi shangazi yao mdogo, Scola, angeolewa, na Christina ndiye angemtangulia bibi harusi akiwa amebeba maua. Aliziona kope zake fupi mno. Kope za Dada Joanitha zilianguka alipougua, lakini sasa zilikuwa zinarudi, nyeusi na ndefu, kwa dawa aliyoandikiwa na daktari wa macho.

"Nipake na mimi," Christina alisema.

"Hii ni dawa, si urembo. Nimeandikiwa mimi baada ya kupimwa. Usiiguse!"

"Uchoyo tu huo!"

Alhamisi, Joanitha alipokwenda sokoni, Christina akachukua kichupa. Vijiburashi vya kupakia vilivyokuja nayo hakuvitafuta. Yeye alijua kupaka wanja kama Bibi wa Kasingirima alivyomfundisha: unachovya kijiti, unakipitisha ndani ya ukingo wa chini wa jicho, unafumba. Akakichovya kijiti cha wanja mle mle chupani, akajipaka macho yote mawili. Yalimwasha mpaka machozi yakamtoka, naye akajiambia kwamba hayawashi.

Ijumaa asubuhi jicho la kulia halikufunguka. Lilikuwa limevimba na kugandana kwa tongotongo.

"Yoo, mwana wanje, mwanangu!" alisema Bibi, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya harusi. "Tumtie wanja, litapoa."

"Hapana, Bibi. Tunakwenda kliniki," alisema Joanitha.

"Siendi! Ni vumbi tu!" Christina alifoka. Joanitha alimshika mkono, wakaenda.

Kliniki, Daktari Alphonce, yule aliyemwandikia Joanitha dawa, alimmulika jicho. "Kimeingia nini humu?"

"Shikamoo, daktari. Vumbi."

"Marahaba. Vumbi la wapi?"

"La Mwandiga."

"Mwandiga ulikwenda lini?"

Christina akainamisha kichwa. Daktari akaweka tochi chini. "Jicho ni lako, binti. Ukinidanganya, nitatibu vumbi na ugonjwa wenyewe utabaki. Unaweza usione tena kwa jicho hili."

Hapo Christina aliogopa, aliogopa kweli, na hofu hiyo ikamtia hasira. "Haya, nilipaka dawa ya dada! Kwa kijiti cha wanja! Kwa nini yeye apendeze, mimi nibaki hivi?"

"Nipendeze?" Joanitha aliuliza kwa uchungu. "Christina, kope zilipoanguka nilikuwa nikitoka nje nimejifunika uso kwa kanga!"

Christina akamtazama dada yake kwa jicho moja lililofunguka.

"Dawa ile hupakwa usiku, uso ukiwa safi, kwenye shina la kope za juu tu," daktari alieleza. "Kila jicho na kijiburashi chake kipya. Haipakwi chini, haiingizwi jichoni, na mtoto haitumii mpaka daktari aseme. Tena kope hazikui kwa siku mbili. Kijiti chako kimeingiza uchafu jichoni na chupani. Dada yako aitupe chupa ile, nitamwandikia nyingine."

Alimsafisha jicho, akamwandikia Christina dawa iliyo yake mwenyewe.

Jumamosi jicho lilifunguka, ingawa lilikuwa bado jekundu. Chumbani kwa bibi harusi, mmoja wa rafiki za Scola waliokuwa wakijipamba, aitwaye Catherine, alitoa kichupa cha kukuza kope alichonunua mtaani. "Burashi ni hii moja, tupokezane," alisema.

"Msipake!" Christina alisema. "Nani amewaandikia?"

"Wewe mtoto, hebu kaa nyuma! Na jicho hilo utatuharibia picha."

"Sikai nyuma! Jicho hili ndilo mlitazame. Nimelipata kwa dawa ya mtu mwingine, na nusura nipofuke kwa kudanganya."

Wakamtazama. Catherine akakirudisha kichupa mkobani.

Joanitha akamsogelea mdogo wake. "Leo ukaidi wako umefanya kazi nzuri," alisema. "Dawa aliyoandikiwa mtu ni ya mtu huyo peke yake, hata awe dada yako wa tumbo moja. Na ukishakosea, mwambie daktari ukweli mapema, wakati bado anaweza kukusaidia."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe."

Scola akamkabidhi Christina maua. "Haya, tangulia."

Christina akatangulia mbele ya watu wote, jicho lake jekundu wazi, bila kuinamisha kichwa.