Mate Kwenye Mstari

Chuma hakinuki, jamani. Kina harufu ya kutu na grisi, basi. Lakini bamba alilolileta karakana mwenye nyumba za kupangisha lilinuka kama panya aliyefia nyuma ya kabati.

"Lilikuwa limefunika kisima cha zamani," alisema, pua kaiziba. "Nikatie katikati. Nusu naondoka nayo nikazibe shimo la choo, nusu nitaifuata."

Fundi akakwaruza mstari kwa msumari. Kutu ikauficha. Basi kwa yale mazoea yake machafu, ambayo mkewe alishayasema hadi akachoka, akautemea mate na kuusugua kwa kidole gumba mpaka ukaonekana.

Mashine ikakata. Chenga hazikuruka. Zilidondoka laini, zimelowa, nyeupe kama ngozi ya kisigino kilichokaa majini, na zilikuwa na vinyweleo. Mwenye nyumba akapakia nusu yake, akaondoka bila kuaga.

Mchana uleule, mezani, fundi akahisi unywele mdomoni. Akauvuta, ukaja, akauvuta tena, ukazidi kuja, mrefu, unateleza, unatoka kooni wala si kwenye sahani, na kila alipovuta alihisi huko chini tumboni kuna kitu kimeushika nacho kinavuta kwake. Binti yao mchanga, waliyemtafuta miaka hadi watu wakawasema, akaangua kilio.

"Baba watoto," mkewe alinong'ona, "pumzi yako inanuka kaburi. Nampeleka mtoto kwa mama. Usimbusu mpaka upone."

Fundi akalia kama aliyefiwa.

Mganga alipoletwa karakana, alilinusa lile bamba lililobaki, akarudi nyuma. "Umemtemea jini mlangoni pake, naye kaingia kwako. Yarudishe mate yako."

"Nayarudishaje, mzee?"

"Lamba. Usiache mpaka ladha iishe."

Akalamba. Kutu, usaha, utelezi. Akameza. Mganga akamchungulia kinywani, akatikisa kichwa. "Katoka nusu. Ulitema juu ya mstari, kwa hiyo mate mengine yameondoka na lile bamba lingine."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakaenda kwenye nyumba za kupangisha. Bamba lilikuwa juu ya shimo la choo, limejaa nzi, limelowa uchafu wa wapangaji wote. Mganga alibaki nje na hakutaka hata kuchungulia.

Fundi akapiga magoti. Kinyaa kilimtoa machozi. Akaushusha ulimi kwenye ukingo uliokatwa, na hapo, kutoka kwenye upenyo kati ya bamba na saruji, ulimi mwingine ukapanda, wa baridi, wenye vinyweleo, ukaupokea wake na kuulamba taratibu, kama paka anavyomlamba mwanawe.

Ladha ilikuwa bado haijaisha. Fundi akafumba macho, akalifikiria shavu la binti yake, akaendelea kulamba.